Filamu Iliyomfisha Mume Wangu

Siku mume wangu alipofariki, jioni yake alisoma taarifa ya habari kama kawaida.

Alifariki asubuhi, ameinama anafunga kamba za viatu ili aende kazini. Alasiri tulimzika. Saa mbili usiku akatokea kwenye televisheni na tai yake ya buluu, akasema, "Mabibi na mabwana, hamjambo," na majirani waliojaa sebuleni kwangu kunipa pole wakaitika, "Hatujambo," kwa mazoea. Halafu wakatazamana. Bi Havijawa, jirani yangu wa ukuta mmoja, alijifunika kanga usoni na mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani yote mawili.

Msishangae. Nchi yetu ni nchi ya utaratibu, na habari zetu hurekodiwa wiki moja kabla. Katika nchi nyingine, nasikia, mambo hutokea kwanza ndipo yakatangazwa, na hiyo ndiyo sababu nchi hizo zina vurugu, kwa kuwa linaweza kutokea jambo ambalo hakuna mkubwa aliyelipenda. Kwetu habari huandikwa, hupitishwa na Wizara ya Habari Njema, hurekodiwa, kisha waheshimiwa hupewa wiki nzima ya kwenda kuzitenda. Ikisemwa kwamba Waziri amefungua daraja, hana budi kwenda kulifungua. Daraja likikosekana, anafungua mto.

Mume wangu, Athmani Kirobo, alikuwa Msomaji Mkuu wa Televisheni ya Taifa. Mimi, Rukia, ni mpaka poda wa hapo hapo. Ndivyo tulivyojuana: paji lake la uso lilikuwa likimeta kama sufuria mpya, nikaitwa nilizime. Nililizima, kesho yake likameta tena, na nikaendelea kulizima maisha yake yote.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakirekodiwi, nacho ni matangazo ya vifo. Wananchi wetu, pamoja na utii wao wote, walikuwa hawajajifunza kuipa Wizara taarifa ya wiki moja kabla ya kufa. Kwa hiyo kila siku saa tatu kasoro robo, habari zikishakwisha, Athmani alisoma vifo moja kwa moja, bila kurekodiwa. Wakati wa habari watu walipika, waligombana, walikata kucha. Wakati wa vifo mtaa mzima ulinyamaza. Alisoma jina la marehemu, jina la mfiwa, kisha lile fungu ambalo watoto hulijua kabla ya alfabeti, "habari ziwafikie," na majina ya ndugu na jamaa mpaka wa mwisho, hata awe anaishi nyuma ya mlima gani. Kila jina alilisoma kama mtu aliyewahi kula kwao.

Tena kulikuwa na sheria. Katika nchi yetu mtu hahesabiwi kuwa amekufa mpaka asomwe. Sheria hiyo ilitungwa baada ya maadui wa taifa kuvumisha kwamba mkubwa fulani amekufa, wakati alikuwa amekufa kidogo tu. Na sheria ya pili ikasema kwamba vifo vitasomwa na Msomaji Mkuu peke yake, maana kijana mmoja aliwahi kushikwa na kicheko katikati ya msiba wa watu.

Wenye akili nyepesi mmekwisha kuliona tatizo. Mimi sikuliona mpaka kesho yake, nilipoitwa kwa Katibu Mkuu wa Wizara.

Katibu alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye leso mbili, moja ya pua na moja ya miwani.

"Bi Rukia," akasema, "pole na kazi."

"Ahsante, Bwana Katibu. Na msiba?"

"Msiba gani?"

"Wa mume wangu."

"Haujatangazwa."

"Basi utangazwe."

"Na nani?"

"Na Msomaji Mkuu."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika jana."

"Unaona sasa!" Akanitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu.

"Basi teueni Msomaji Mkuu mwingine," nikasema.

"Nafasi haiko wazi, mama. Nafasi huwa wazi mwenyewe akistaafu, akifukuzwa au akifa. Kustaafu hajastaafu. Kosa hana. Na kufa..."

"Amekufa, Bwana Katibu."

"Hajatangazwa. Halafu, Bi Rukia, tusidanganyane. Jana usiku mimi na familia yangu tulimwona. Alisoma vizuri sana."

Akanishauri yale ya jana tuyaite mazishi ya muda. Akaniomba pia nisilie ndani ya uzio wa ofisi, kwa kuwa chozi nalo ni aina ya tangazo. Nikamwambia nitajitahidi. Akaniazima leso, ile ya miwani.

*

Kanda za wiki ile zilipokwisha, wakarudisha za mwaka uliopita. Hakuna aliyegundua, maana waziri alikuwa anafungua mto ule ule. Mume wangu akaendelea kuwasalimu watu kila jioni, na watu wakaendelea kuitika.

Aliyekuwa akiitika kwa nguvu kuliko wote ni mama yake, Bi Mwanahawa, kijijini Mtambani, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Shemeji zangu walikwenda kumpa habari. Aliwafukuza na mwiko. Nikampigia simu mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti imenywea? Athmani kakufanya nini?"

"Mama, Athmani ametutoka."

"Ametoka kwenda wapi? Jana nimemwona hapa hapa na tai yake ya buluu. Mwambie asinitolee macho vile, simdai."

"Mama, nisikilize. Tumemzika."

Nikasikia kuku wake nyuma, na mtu anatwanga.

"Rukia," akasema, "sikiliza na wewe. Kijiji hiki chote kimekufa kwa mdomo wa mwanangu. Baba yake alikata roho asubuhi mikononi mwangu, sikulia. Nililia jioni, Athmani alipomsoma. Ndivyo tulivyo huku. Mtu hasomwi, halafu nimlilie? Nitakuwa namchuria. Mwanangu akifa atasomwa. Na asiposomwa, yu hai, ana kazi nyingi tu."

Akakata simu. Ijumaa yake akamtumia mwanawe kapu la mihogo kwa basi, kama ilivyokuwa desturi yake, na Ijumaa iliyofuata lingine. Nilikuwa naichemsha, naila peke yangu mezani mbele ya televisheni, na chumvi haikuwa lazima.

Sikutaka makubwa. Sikutaka barabara ipewe jina lake. Nilitaka asomwe kama alivyowasoma wenzake, mama yake asikie, nami nipate mtu wa kulia naye.

*

Wakati huo taifa lilikuwa linapata mafanikio ambayo halijawahi kuyaona. Kwa kuwa vifo havikusomwa, hapakufa mtu. Waziri wetu wa Habari Njema, Mheshimiwa Mzumbwe, mtu mnene mwenye sauti iliyowahi kupasua kipaza sauti, aliitisha mkutano uwanjani.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Tangu mwezi huu uanze, katika nchi yetu hajafa mtu hata mmoja! Nchi zinazojiita zimeendelea, pamoja na hospitali zao zenye lifti, zinakufa kila siku! Kila siku, ndugu zangu! Sisi tumekataa!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wamevaa nguo za msiba, lakini walipiga. Waganga wakuu walivishwa nishani. Wachimba makaburi walionywa juu ya uchimbaji holela. Mzee mmoja aliyekwenda kuomba kibali cha kumzika mkewe alipongezwa kwa kuwa na mke mwenye afya.

Nje ya lango la televisheni wafiwa walianza kukusanyika na matangazo yao. Hawakufanya fujo. Walikuja na mikeka na chupa za chai, wakakaa. Hawakulia, kwani walikuwa bado hawajafiwa. Nikiingia kazini asubuhi waliniuliza, "Leo atasoma?" nami nikajibu, "Bado kidogo." Walijua, na walijua kwamba najua kuwa wanajua, lakini lango lina askari.

*

Filamu ilikuja kwa ndege.

Mheshimiwa Mzumbwe alisafiri kwenda mkutano wa mawimbi ya redio, na angani akaonyeshwa filamu ya kizungu. Ilikuwa na chumba cha habari cha televisheni, na ndani yake msichana na kijana wanaopendana, na kiti kimoja cha msomaji ambacho wote wawili wanakitaka. Hakusikia neno hata moja, maana alidhani visikilizio ni vya kuuzwa. Hata hivyo alilia mpaka mhudumu akamletea maji.

Aliporudi alituita wote studio.

"Chumba cha habari tunacho?" akauliza.

"Tunacho, Mheshimiwa," akajibu Katibu.

"Kiti tunacho?"

"Tunacho."

"Mapenzi tunayo?"

Katibu akapangusa miwani. "Yapo, Mheshimiwa. Ila hayajapitishwa."

Yalikuwapo kweli. Msichana aliitwa Kidawa, msomaji wa hali ya hewa, ambayo kwetu huwa nzuri. Kijana aliitwa Sudi, msomaji wa michezo, aliyekuwa akitangaza matokeo wiki moja kabla ya mechi na hajakosea hata siku moja. Walipendana, na kila mmoja alikitaka kiti cha Athmani kwa roho yake yote. Mimi nilijua kwa sababu wote wawili walipita mikononi mwangu, na uso uliotoka kugombana hauishiki poda.

"Ukikipata wewe, utanioa?" Kidawa aliuliza siku moja, macho kwenye kioo, mimi namchora nyusi.

"Nikikipata ndipo nitakuwa na hadhi ya kukuoa," Sudi akajibu.

"Na nikikipata mimi?"

Sudi akafikiri. "Basi nitakuwa mume wa kiti."

"Afadhali mume wa kiti kuliko mchumba wa michezo miaka minne."

"Bi Rukia, unamsikia mwenzio?"

"Simsikii," nikasema. "Napaka poda."

"Mwambie mimi nina sauti nzuri kuliko yeye."

"Mwambie," Kidawa akasema, "sauti nzuri hata chura anayo, akiwa kwenye mtungi."

Ili nasi tutengeneze filamu kama ile, Wizara ikaunda Kamati ya Mapenzi. Mwenyekiti wake alitolewa Idara ya Mizani na Vipimo, kwa kuwa alionekana ndiye mzoefu wa kuzuia kuzidisha. Kamati ilikaa, ikapitia filamu neno kwa neno. Busu liliondolewa, mahali pake pakapandwa mti. Kushikana mikono kuliruhusiwa, mikono ya kulia tu, kama watu wanaokabidhiana hundi. Tamaa ya cheo ilileta mjadala mkubwa, kwani katika nchi yetu mwenye tamaa ya cheo ni mkuu wa nchi, Baba wa Wote, peke yake, naye huitamani kwa niaba yetu sote. Hatimaye Kidawa akapewa maneno haya: "Mimi sitaki kiti. Nataka maendeleo yaliyokaa juu ya kiti." Mwishoni kiti angekipata Sudi. Mwenyekiti alieleza kwamba mwanamke akikaa, mwanamume atakaa wapi?

"Mimi nitasimama," Kidawa aliniambia chumbani kwangu, macho mekundu. "Nitasimama pembeni nimpigie makofi. Imeandikwa, 'Anapiga makofi kwa furaha ya kadiri.'"

Waziri akasomewa filamu nzima ofisini kwake. Mimi nilikuwapo, nampaka pua kwa ajili ya picha. Ilipokwisha akakunja uso, poda ikapasuka.

"Silii!" akafoka. "Kwenye ndege nililia! Hapa nani anakufa?"

"Hafi mtu, Mheshimiwa," Katibu akasema. "Nchini hafi mtu."

"Nchini asife. Kwenye filamu afe! Yule mzee wa kwenye kiti, Kirobo. Afe, ndipo kiti kiachwe wazi. Hapo nitalia."

Katibu akanitazama. Mimi nikatazama pua ya Waziri.

"Mheshimiwa," Katibu akasema polepole, "yule mzee amekwisha..."

"Amekwisha nini?"

"Amekwisha kuzoea kuishi."

"Basi azoee kufa! Kila raia ana mchango wake."

Nadhani hata leo Mheshimiwa hajui kwamba siku ile mume wangu alikuwa kaburini. Alikuwa amejiaminisha takwimu zake mwenyewe, na mtu anayeziamini takwimu zake ana usingizi mzuri na ngozi laini. Alikuwa na ngozi laini sana.

*

Kamati ikakaa tena, sasa kupanga kifo. Wakagundua kwamba kifo sharti kisomwe, na wa kukisoma ni Msomaji Mkuu tu, hata kwenye filamu, kwa sababu sheria haikusema isipokuwa filamu. Basi wakaamua mzee atajisoma mwenyewe kwanza, kisha afe, kwa kufuata mlolongo.

Wa kuigiza wakampata Kipupwe, mchekeshaji wa kwenye maharusi, mtu mwenye kitambi na miguu ya korongo. Lakini kile kiti hakikaliwi na mtu hivi hivi. Hivyo Waziri akamteua kuwa Msomaji Mkuu wa Muda, wakamwapisha mbele ya bendera, mkono juu. Kipupwe alikula kiapo huku akitazama huku na huku, akingoja mtu acheke. Hakucheka mtu.

Siku mbili kabla ya filamu Katibu alinijia na kalamu.

"Bi Rukia, lile tangazo la kifo linahitaji majina. Mfiwa, mama wa marehemu, wa kufikiwa na habari. Tupe yoyote, ilimradi yasikike."

Nikaendelea kukunja taulo.

"Andika," nikamwambia. "Mfiwa, Bi Rukia Salimu."

"Hilo si lako?"

"Umesema yoyote."

Akaandika. Nikamtajia mama mkwe na kijiji chake, shemeji zangu, shangazi wa Athmani aliyeolewa bara, na rafiki yake wa utotoni anayeishi kisiwani akitengeneza vitanda. Nikamtajia na kamba za viatu. Katibu aliyapitia yote kwa kidole, kisha akavua miwani.

"Majina mazuri," akasema. "Yanasikika kama ya watu kweli."

"Ahsante, Bwana Katibu."

Akaondoka bila kunitazama. Leso yake ya miwani aliisahau mezani, na hakurudi kuichukua.

Filamu iliamriwa ionyeshwe moja kwa moja, bila kurekodiwa, wakati ule ule wa taarifa ya habari, na kila mwananchi aitazame. Waziri alieleza sababu. Habari ni mambo yanayotokea, kwa hiyo ni hatari, lazima zirekodiwe na kuchungwa. Filamu ni mambo ya kubuni. Ina madhara gani?

*

Jioni yenyewe nilimpaka Kipupwe. Nikamtia mvi pembeni, nikamchora mistari miwili ya mdomoni, nikamfunga tai ya buluu.

"Dada," akasema, "hebu niambie, mimi hapa ni nani hasa? Hawa wakubwa hawakunieleza kitu."

"Wewe ni mume wangu."

Akacheka kile kicheko chake cha maharusi, ha-ha-ha, kisha akaniona kwenye kioo. Kikamkauka.

"Wallahi?"

"Wallahi."

Nikamfuta jasho la juu ya mdomo.

"Alikuwa anasomaje?"

"Polepole. Kama mtu aliyewahi kula kwao."

"Nyumba zote hizo?"

"Zote."

"Basi alikuwa na tumbo kuliko langu," akasema. Akafumba macho. "Nipake vizuri, dada. Usiwe na haraka."

Waziri alikaa mstari wa mbele studio na wageni wake. Filamu ikaanza. Kidawa na Sudi walipeana mikono ya kulia. Mti ukapandwa kwenye ndoo, na mpanda mti akashangiliwa. Kidawa akasema kwamba hataki kiti, anataka maendeleo, na akasema kwa uchungu hadi wageni wakadhani ni sehemu ya maendeleo.

Kisha taa zikapungua, Kipupwe akaenda kwenye kiti. Akakaa. Hakutoa macho, hakutikisa kitambi. Akaweka viganja mezani.

"Bi Rukia Salimu wa mtaa wa Mnarani," akasoma, "anasikitika kutangaza kifo cha mume wake mpenzi, Athmani Kirobo, Msomaji Mkuu, kilichotokea ghafla nyumbani kwao asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Mazishi yamekwisha kufanyika. Habari ziwafikie mama wa marehemu, Bi Mwanahawa binti Shehe, wa Mtambani..."

Akaendelea. Shemeji zangu. Shangazi wa bara. Fundi vitanda wa kisiwani. Hakulikosea jina hata moja. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, na sufi ya poda mkononi, na nilipojifuta pua nayo nikawa mweupe kama pazia.

"Habari ziwafikie pia," Kipupwe akasema, na hili halikuandikwa popote, "wote aliowahi kuwasoma. Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea."

Akainamisha kichwa juu ya meza.

"Safi!" Waziri alikuwa akilia machozi mazito, ananyonya kamasi. "Hapo! Hapo ndipo! Kama kwenye ndege!"

Katibu alikuwa amesimama. "Mheshimiwa. Ametangazwa."

"Nani?"

"Msomaji Mkuu. Na Msomaji Mkuu. Moja kwa moja."

"Si ni filamu?"

"Tulimwapisha, Mheshimiwa."

Kwenye filamu ilikuwa zamu ya Sudi. Kipupwe alijiburura chini ya meza kama marehemu mwenye adabu, na Sudi akasogea. Mkono wake ukakishika kiti kwa nyuma. Miaka minne alikuwa akikitazama kile kiti kama mtu anavyotazama chakula cha jirani, na sasa kilikuwa chake, kwa idhini ya Kamati. Kidawa alikuwa amesimama pembeni, viganja tayari kwa makofi ya kadiri.

Sudi akakivuta kiti.

"Kaa wewe," akasema.

"Hiyo haimo," Kidawa akanong'ona, na taifa zima likasikia.

"Najua haimo. Kaa, Kidawa. Mimi nikisoma jina la mtu, nawaza kwanza nywele zangu zimekaaje. Umemsikia huyu alivyosoma? Hapa nani anaweza hivyo kama si wewe?"

"Haimo hiyo!" Waziri akapiga ukelele.

"Na nitakuoa ukiwa umekaa," Sudi akasema.

"Sudi, tuko hewani."

"Ndiyo maana nasema sasa. Huwezi kukataa mbele ya wananchi."

"Naweza sana," Kidawa akasema. Akakaa. Akavuta kiti mbele, akanyoosha mgongo. "Lakini sikatai."

Hapo ndipo tuliposikia sauti kutoka nje. Kwanza langoni, kisha mtaa wa pili, kisha mbali kabisa, kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Watu walikuwa wanalia. Walimlilia Athmani, wakawalilia na wa kwao, maana msiba ukishafunguliwa mlango haumchagui wa kupita. Simu yangu ikatetemeka mfukoni.

"Mama," nikasema.

Nilimsikia akilia, na nyuma yake kijiji kizima, na kuku wamechanganyikiwa. Nikalia naye. Tulilia hivyo, yeye Mtambani, mimi studio, na askari wawili wakanitazama wasijue ni kifungu gani nimevunja.

"Rukia," akasema baadaye, "amesomwa vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Ila aliyemsoma ana tumbo."

"Mama, yule si Athmani. Ni..."

"Mimi kipofu? Nilimzaa mimi. Hata zile kanda za tai ya buluu nilijua si mpya, mtu hachekeshwi na mzaha ule ule jana na mwaka jana." Akapenga kamasi. "Lakini sasa amesomwa. Nakuja na basi la asubuhi."

*

Mheshimiwa Mzumbwe alitaka kesho yake itangazwe kwamba filamu ni filamu. Lakini Baba wa Wote naye alikuwa ametazama, na kabla mti haujatolewa kwenye ndoo alikwisha kutuma rambirambi. Katika nchi yetu rambirambi za Baba wa Wote hazikosei. Basi mume wangu akawa amekufa kihalali.

Kidawa naye hakuweza kuondolewa. Kiti kilikuwa wazi, akakikalia mbele ya nchi nzima. Kumwondoa kungetaka tangazo, na tangazo lingetaka msomaji, na msomaji alikuwa yeye. Jioni ile ile lango likafunguliwa, wafiwa wakaingia na mikeka yao, na Kidawa akawasoma wote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Wimbo wa taifa wa kufungia matangazo ulisubiri. Katika takwimu za Wizara, vifo vyote vya kipindi kile vimeandikwa kuwa vilisababishwa na filamu, na filamu ikapewa tuzo kwa uwezo wake mkubwa.

Kipupwe alirudi kwenye maharusi. Alicheza bila malipo kwenye la Kidawa na Sudi, ambako bwana harusi alisimama muda mwingi, na kila aliyemwuliza alijibu kwamba anazoea.

Mama mkwe alifika na basi, na mihogo. Tukaweka tanga, watu wakaja kwa wingi, na safari hii waliponipa pole waliita jina la Athmani kwa sauti. Bi Havijawa alipika sufuria mbili za pilau, akaunguza moja.

Mimi sasa niko edani, maana kabla hajasomwa sikuhesabiwa mjane. Naandika mchana, mama akilala chumba cha pili, nisije nikasahau. Kazini, poda anapaka mtu mwingine.